YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAMA YANGU KUPEWA DAWA YA JAMII YA PENISILINI ILHALI FAILI LAKE LINAKATAZA

Mkurugenzi,
Kliniki ya Familia,
Dar es Salaam.

22 Mei 2025

Ndugu Daktari,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtoto wa tatu wa mama mwenye faili la kijani mlilomfungulia mwaka 2009, enzi hizo kliniki ikiwa vyumba viwili na benchi la mbao nje. Ukimwona utamkumbuka tu, maana hadi leo anakuita "mwanangu daktari", na kila akija hakubali kuondoka bila kukusalimia hata kama ametibiwa na mwingine. Nayaanza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mteja wa siku moja aliyekosa subira foleni.

Jumanne ya tarehe 13 Mei nilimleta akiwa na kidonda mguuni. Mvua za masika zilikuwa zimeziba mtaro nyuma ya nyumba, akaingia kuuzibua mwenyewe (ana miaka 66, lakini nani wa kumkataza), akakanyaga kipande cha bati. Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda cha mguu si cha kusubiri, kwa hiyo saa tatu asubuhi tulikuwa mapokezi tumeshalipia kumwona daktari.

Aliyetupokea chumbani ni kijana mwenye koti jeupe lisilo na kibandiko cha jina. Sijui hadi leo kama ni daktari, tabibu au mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Aliangalia mguu vizuri, hilo nampa haki yake, akaandika kwenye kompyuta, akatuelekeza dirisha la dawa. Katika muda wote huo hakuuliza kama mama ana dawa inayomdhuru. Mama naye, kama wazee wengi, hakusema. Anaamini kwamba mambo yake mnayo, na kweli mnayo. Juu ya jalada la faili lake, kwa mwandiko wako wewe mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kumeandikwa: ALEJI – PENISILINI, na chini yake mistari miwili. Uliandika hivyo siku ya kwanza kabisa, alipokusimulia jinsi sindano ya PPF, ambayo nayo ni penisilini, ilivyotaka kumuua mwaka 1994.

Dirishani tulipewa Ampiklox. Nesi akasema kidonda kinataka kuwahiwa, ameze dozi ya kwanza palepale halafu aende akasafishwe. Akamletea maji. Mama akameza vidonge viwili.

Hazikuisha dakika ishirini. Akiwa amelala chumba cha kufungia vidonda, alianza kujikuna viganja, kisha shingo. Nilidhani ni joto. Halafu midomo ikaanza kuvimba, sauti ikawa kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, akaniambia, "Mwanangu, ni kama ile sindano." Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwita nesi, nikamwambia mama ana aleji ya penisilini. Akanijibu, kwa utulivu kabisa, "Lakini hii si penisilini, kaka. Hii ni Ampiklox."

Daktari, mimi ni fundi umeme. Sikusoma udaktari. Ila jioni ile, hospitalini, nilisoma maandishi madogo kwenye boksi la dawa: ampisilini na kloksasilini. Zote mbili ni za ukoo wa penisilini. Jina la kibiashara linauficha ukoo huo, na mgonjwa wa kawaida hawezi kuujua, ndiyo maana anakuja kwa watu waliosomea. Simlaumu nesi yule kwa kutojua zaidi ya ninavyowalaumu mliomweka dirishani peke yake bila mtu wa kumuuliza.

Yaliyofuata nayaeleza kwa mpangilio kwa sababu nataka majibu yafuate mpangilio huohuo. Mama alichomwa piritoni. Kisha haidrokotisoni. Nikasikia yule kijana akiulizia adrenalini. Ipo, akaambiwa, ila kabati la dawa za dharura limefungwa na ufunguo anao mhasibu, naye ametoka kwenda benki. Alipigiwa simu mara tatu mbele yangu. Huku mama anakoroma kila akivuta pumzi. Niliacha kusubiri, nikambeba pamoja na mlinzi wenu (mungu ambariki yule mzee) tukamwingiza kwenye bajaji hadi hospitali ya rufaa. Huko walimchoma adrenalini pajani kabla hata sijamaliza kutaja jina lake, wakamwekea oksijeni, na wakamlaza usiku mmoja kwa uangalizi, kwani walinieleza kuwa hali ile inaweza kutulia kisha ikarudi baada ya saa kadhaa. Waliniambia pia kwamba adrenalini ndiyo dawa ya kwanza, piritoni na haidrokotisoni huja nyuma yake. Na sukari yake, iliyosoma 17.8 usiku ule, haikushangaza mtu, kwa kuwa haidrokotisoni huipandisha. Kwenu hakuna aliyeipima kabla wala baada.

Siku mbili baadaye nilirudi kuomba nakala ya faili. Dada wa mapokezi aliniambia mafaili ya karatasi yamepelekwa stoo tangu mlipohamia kwenye kompyuta mwaka jana. Nikamwomba anionyeshe kwenye kompyuta. Alikuwa mwungwana, akaigeuza skrini. Jina sahihi, mwaka wa kuzaliwa sahihi, kisukari kimeandikwa. Kwenye nafasi ya aleji kumeandikwa: Hakuna.

Hilo neno ndilo limenifanya niandike barua hii badala ya kumeza na kunyamaza. Nafasi ile ingeachwa wazi ningeelewa: kazi haijaisha, mtu atauliza. Lakini "Hakuna" ni jibu, na jibu lina mwenye kulitoa. Mama hakuulizwa. Mimi sikuulizwa. Faili lenye kalamu yako nyekundu lilikuwa stoo. Nani basi alijibu kwa niaba yake? Kama mfumo unajijazia neno hilo wenyewe pale mtu anapopita bila kuandika kitu, basi wagonjwa wenu wote waliohamishwa kutoka karatasi kwenda kompyuta wako katika hatari ileile, wakiwemo watoto. Nimefanya kazi na mafundi wanaobandika karatasi ya "umeme umezimwa" kwenye swichi ambayo hawajaipima. Tunajua wanavyoishia.

Sitaki kuchanganya mambo, ila yapo mengine madogo ambayo zamani tulikuwa tunayacheka na sasa siyacheki tena. Familia yetu nzima, kila aliyekuja kwenu na homa tangu mwaka jana, ameambiwa ana UTI na taifodi. Mke wangu, mdogo wangu, hata kijana wangu aliyekuja na mafua. Kipimo kimoja cha damu cha taifodi (Widal), dozi ya antibayotiki, kwaheri. Enzi zako ulikuwa unatuambia homa nyingine ni ya kupumzika na kunywa maji. Pia majibu ya vipimo yanasomwa kwa sauti kutoka dirishani hadi benchi la mwisho wanasikia, na sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Jumatatu iliyopita meneja wako alinipigia. Alikuwa mpole. Akasema mmesikitika, mtanirudishia shilingi 15,000 ya kumwona daktari pamoja na pesa ya dawa, na kwamba sisi ni watu wa siku nyingi, tuyamalize kifamilia, tusiharibiane jina. Nilimshukuru kwa simu, pesa nikakataa. Nikipokea hiyo pesa, kesho anayekuja na aleji atakuta kabati limefungwa vilevile.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, maelezo ya maandishi ya kilichotokea tarehe 13 Mei, yaliyosainiwa na wewe na si na meneja, yakieleza aliyeandika dawa ni nani na ana sifa gani. Pili, nakala ya faili la karatasi la mama, pamoja na jalada lake la juu. Tatu, mtu akae na mafaili ya stoo, moja baada ya jingine, ahakikishe kila aleji iliyoandikwa kwa mkono imeingia kwenye kompyuta, na neno "Hakuna" lisiandikwe mpaka mgonjwa aulizwe kwa mdomo. Najua ni kazi ya wiki nyingi. Nne, adrenalini ikae mahali ambapo nesi wa zamu anaifikia bila kumpigia mtu simu. Hili halihitaji wiki, linahitaji mhasibu aache ufunguo leo. Tano, tukio hili liripotiwe TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kama madhara ya dawa, nami nionyeshwe kwamba limeripotiwa.

Nitasubiri majibu yako kwa siku 14. Yasipofika, barua hii pamoja na karatasi za kuruhusiwa za hospitali ya rufaa nitazipeleka kwa Mganga Mkuu wa Manispaa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Sikutishi. Nakueleza mapema kwa sababu ndivyo ulivyotuzoesha, mambo kuambiwa usoni.

Kwa sasa mama anafungwa kidonda zahanati ya serikali, kila baada ya siku moja, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kinaendelea vizuri. Ameniuliza mara mbili atarudi lini kwa mwanaye daktari. Nimemwambia tunasubiri barua.

Wako,

(Saini)
Mtoto wa mgonjwa