Spea ya kuongeza nguvu yenye "cheti cha California": soma namba kabla hujalipa

Swali tunaloulizwa sana hapa gereji, Ngamiani, Tanga, ni hili: "Fundi, nimeona bomba la kuingizia hewa kwenye injini mtandaoni, wameandika lina cheti cha California. Nikiagiza utanifungia?" Jibu letu ni lilelile kila siku. Tutumie kwanza namba ya cheti, pamoja na aina ya injini iliyomo kwenye gari lako. Mara nyingi hivyo viwili havikutani, na mteja anakuwa ameshalipa.

Cheti chenyewe si cha uongo. California ilisumbuliwa vibaya na moshi wa magari tangu miaka ya 1940, hasa jiji la Los Angeles, na mwaka 1967 ikaunda bodi yake ya kusimamia hewa, CARB. Sheria ya magari ya jimbo hilo, kifungu cha 27156, inakataza kuuza au kufunga kifaa kinachovuruga mfumo wa kudhibiti moshi wa gari. Mtengenezaji anayetaka spea yake iruhusiwe lazima aonyeshe kwa vipimo kwamba gari likifungwa spea hiyo halitoi gesi chafu kuzidi kiwango lilichopitishwa nacho. Akifaulu, CARB inampa hati yenye namba inayoanza na herufi D. Namba hiyo hubandikwa au hugongwa kwenye spea, ikitanguliwa na herufi E.O., kifupi cha jina la Kiingereza la hati hiyo, Executive Order. Vituo vya ukaguzi vya California vinafungua boneti na kuitafuta.

Sasa angalia hati hiyo imeandika nini ndani. Inataja gari, mwaka, na injini. Nje ya hapo haina kazi. Pia haisemi kwamba spea inaongeza nguvu kweli, wala kwamba itadumu. CARB inaruhusu ifungwe, basi. Maneno ya muuzaji ni ya muuzaji mwenyewe.

Hapo ndipo wenye magari wa Tanga wanapoumia, kwa sababu magari yetu mengi yametoka Japani na si Marekani. Chukua Toyota Altezza. Marekani gari hilo liliuzwa kama Lexus IS 300, lenye injini ya 2JZ-GE, lita 3.0. Altezza za hapa zina 1G-FE au 3S-GE, zote za lita 2.0, na hizo Marekani hazikuuzwa kabisa kwenye gari hilo. Bodi inafanana, taa za nyuma zinafanana, tangazo linasema "inaingia", lakini injini iliyopimwa si yako. Subaru Forester nayo ni hivyohivyo. Yenye tabo (turbo) iliyouzwa Marekani kabla ya modeli ya 2014 ilikuwa ya lita 2.5, wakati zetu nyingi zina injini ya EJ20 ya lita 2.0.

Mteja anauliza, kwani Tanga nani ataniuliza namba ya E.O.? Hakuna. Sheria ya California inaishia California. Sisi tunaijali kwa sababu ya kile kinachotokea ndani ya injini pale spea isiyopimwa inapofungwa.

Kwenye Subaru hizo za tabo kuna sensa ndogo inayopima hewa inayoingia, imekaa kwenye njia ya hewa karibu na ea klina. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua upana wa bomba ilimokaa sensa hiyo, na inapiga hesabu ya petroli kutokana na upana huo. Ukifunga bomba pana zaidi, hewa ileile inapita mbele ya sensa polepole. Sensa inasoma pungufu, nozeli zinatoa petroli pungufu, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Ukiwa unatembea mjini taratibu, sensa ya oksijeni inagundua na kompyuta inarekebisha, mpaka ifike kikomo iwashe taa ya cheki injini na msimbo wa P0171. Lakini ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta haisikilizi tena sensa ya oksijeni. Inafuata hesabu zake tu, na hesabu hizo sasa ni za uongo. Kwa hiyo gari linaweza kutembea vizuri kabisa Chumbageni hadi Raskazone, halafu injini ikaanza kugonga siku unapanda kutoka Mombo kwenda Soni na familia ndani. Mchanganyiko mkavu kwenye tabo unachoma pistoni.

Kwa ekzosi mambo ni mepesi kidogo. Bomba linaloanzia nyuma ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) kwenda mkiani halibadilishi usafi wa moshi, na hata California halidaiwi namba ya E.O. Ukitaka mlio mzito, hapo ndipo pa kucheza, ukiwakumbuka na majirani. Manifoldi, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, iliyo mbele ya masega ni habari nyingine, maana inabeba sensa.

Masega yenyewe hatuyatoi, na tunaomba mteja asituombe. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladi na rodi yanayogeuza monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zisizo na sumu kali kama hiyo. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na watoto wanaotembea kando ya barabara zetu wanaivuta wakiwa karibu kabisa na usawa wa bomba lako. Masega yakiziba, ujue kuna kilichoyaziba: koili ya plagi imekufa na petroli inaungulia huko nyuma, au injini inakula oili. Tunatafuta hicho kwanza. Fundi atakayekutolea masega na kuweka spesa (kipande cha kuisogeza sensa mbali na moshi) kwenye sensa ya nyuma ili taa isiwake amekufichia ugonjwa, na koili mbovu bado ipo.

Kuhusu kubadilisha programu ya kontroli boksi, tangu Julai 2021 ukaguzi wa California unasoma hata programu hiyo, na isiyo ya kiwandani wala yenye E.O. inaangusha gari. Ukiletewa faili la programu "lililoruhusiwa", dai namba vilevile.

Alama nyingine zinachanganya watu. Herufi E ndani ya duara ni ya kanuni za Umoja wa Mataifa, na tarakimu iliyo kando yake inataja nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi. Kwa masega mbadala, kanuni inayohusika ni ya 103. Alama ya JASMA ya Japani ni ya ekzosi na inahusu kelele hasa, kwa hiyo mtu asikuuzie kama cheti cha moshi. Na boksi likiwa na maandishi ya Kiingereza kwamba spea ni ya mashindano tu, maana yake haina ruhusa ya barabarani huko ilikotoka.

Kabla ya kuagiza, tutumie WhatsApp picha tatu: kibandiko chenye namba ya E.O., bati la gari lenye namba ya chasisi na aina ya injini, na spea yenyewe. Hati za CARB ziko wazi mtandaoni, tunaitafuta kwa namba na kukusomea magari yaliyotajwa humo. Kazi hiyo hatutozi. Muuzaji akishindwa kukutumia picha ya kibandiko, usimtumie pesa.