Mgeni wa kujitolea naye alete cheti cha kwao

Mhariri,

Mwalimu Mkenya hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) bila cheti cha maadili mema, kile cha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Hulipa Sh1,050, hupigwa alama za vidole, kisha husubiri. Ni sawa, na iendelee hivyo. Kinachoniumiza ni kwamba mgeni anayeshuka kwenye ndege akisema amekuja kujitolea katika makao ya watoto mara nyingi hupokelewa kwa nyimbo, wala haulizwi lolote.

Tulishaonywa. Gregory Dow, raia wa Marekani, alifungua makao ya watoto huko Boito, Kaunti ya Bomet, mwaka 2008, akijitambulisha kama mmishonari. Miaka 12 kabla ya hapo, 1996, alikuwa amekiri mbele ya mahakama ya Iowa kwamba alimshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Habari hiyo ilikuwa katika kumbukumbu za mahakama za kwao. Tuhuma zilipoibuka mwaka 2017, akatoroka Kenya. Mwaka 2021 alihukumiwa huko Pennsylvania kifungo cha miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu wasichana wanne aliokabidhiwa kuwalea.

Je, cheti hicho cha DCI kingemnasa Dow alipofika? Hapana. Alama za vidole vyake zingelinganishwa na rekodi za hapa, ambako hakuwa na kesi. Angepewa cheti safi kabisa, na cheti hicho kingezidi kumfungulia milango.

Ndiyo maana nasema mgeni alete cheti cha kwao. Uingereza, tangu mwaka 2012, ina cheti maalumu cha wanaokwenda kufanya kazi na watoto ng'ambo, na hupekua hata taarifa za kipolisi, si hukumu pekee. Marekani, shirika la upelelezi la FBI humpa mtu rekodi yake ya uhalifu kwa dola 18. Aliyemudu nauli ya kuja Kenya hawezi kushindwa na hizo.

Najua msimamizi wa makao huona haya kumdai karatasi mtu aliyeleta magunia ya unga, hasa stoo ikiwa tupu. Lakini watoto wale hawana baba wala mama karibu wa kuuliza kwa niaba yao. Asipouliza yeye, hakuna mwingine.

Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto lifanye cheti hicho kuwa sharti la makao kubaki na usajili. Maafisa wa watoto wanapokwenda kukagua jikoni na kuhesabu vitanda, waitishe pia faili la kila mgeni, hata wa wiki mbili.

Tena cheti hakimwonyeshi mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa. Msimamizi apige simu alikotoka mgeni huyo, azungumze na aliyekuwa mkubwa wake, amuulize kama angemrudisha kazini miongoni mwa watoto. Mkubwa huyo akianza kuzungukazunguka, mgeni asipewe chumba.

Mzazi,
Nakuru