Ofisi wameifunga, bando ninunue mimi?

Ndugu mshauri,

Salamu kutoka Kigoma. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo limeanza kunikosanisha na bosi wangu.

Mimi ni karani wa nyaraka kwenye kampuni ya uwakala wa forodha yenye makao makuu Dar es Salaam. Huku tunashughulikia mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura na Kalemie. Mwaka jana walirudisha chumba tulichopanga Mwanga, wakasema pango limekuwa zito na kazi yenyewe siku hizi ni ya mtandaoni. Nikapewa kompyuta mpakato, nikaambiwa nifanyie kazi nyumbani. Sikukataa, nauli ya bodaboda inabaki mfukoni na mtoto mdogo namwona mchana.

Tatizo ni bando. Kupakia nyaraka kwenye mfumo kutwa nzima, na kile kikao cha video cha kila Jumatatu (ambacho ujumbe mmoja wa WhatsApp ungekimaliza), kwa mwezi vinanila zaidi ya elfu sitini. Na likikata wakati mzigo uko bandarini unasubiri kibali, nakopa salio usiku huohuo, maana mteja namba aliyo nayo ni yangu.

Nilipomwandikia bosi alijibu kwamba intaneti ya nyumbani kila mtu hujilipia, kama umeme na maji. Akaongeza: "Kwani wanao hawaangalii katuni humo humo?" Hapo alinishika. Wanaangalia, na mume wangu Jumamosi anaunganisha simu yake kwangu atazame mpira. Ila kabla ofisi haijafungwa tulikuwa tunanunua bando dogo la wiki na maisha yanakwenda. Kilichozidi hapo ni cha kampuni. Pango walilookoa nalijua vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mwenye nyumba.

Shemeji yangu anayesoma sheria ananiambia kuwa California, Marekani, kifungu cha 2802 cha sheria yao ya kazi kinamtaka mwajiri arudishe gharama ambazo kazi inamlazimisha mfanyakazi kuzitoa. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya huko iliamua kwamba hata kama simu ni ya mfanyakazi na angeilipia vyovyote, mwajiri achangie sehemu. Sawa, lakini bosi wangu hayuko California. Kilichonigusa zaidi ni cha hapa kwetu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inataka mahali pa kazi paandikwe, na pakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Mkataba wangu mpaka leo unasema kituo cha kazi ni ofisi ya Mwanga.

Mume wangu anasema niache, kazi zenyewe ziko wapi. Kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya bando naona aibu.

Je, niombe mkataba urekebishwe na bando liandikwe humo, au niombe laini ya kampuni ya kazi tu, katuni tubaki nazo wenyewe? Wakikubali kunipa hela, iingie kwenye mshahara ikatwe kodi, au nipeleke risiti nirudishiwe? Na hii niliyokwisha kuitoa, niidai?

Mama Wawili,
Gungu, Kigoma