Barua ya wazi kwa wauguzi na wakunga mnaoanza kazi

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Songea, ninakoishi tangu nilipostaafu kwa umri wa lazima wa miaka 60. Tangu majina ya ajira mpya yalipotoka, simu yangu haijapumzika: wengine mnauliza kama kituo mlichopangiwa kina nyumba ya mtumishi, wengine umbali wake kutoka barabara ya lami, wengine posho ya kujikimu hulipwa lini. Ni maswali ya haki, na nimewajibu kadiri nilivyoweza. Lakini swali ambalo kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama mtadumu, hakuna aliyeniuliza, nalo ni hili: mtu anaifanyaje kazi ya kuuguza watu kwa miaka mingi na bado akaamka akiwa na hamu ya kwenda kazini?

Jibu mtakalopewa siku ya kuripoti ni kwamba uuguzi ni wito, na mwenye wito huvumilia. Kila tarehe 12 Mei mtawasha mishumaa, mtakariri kiapo, na mtasimuliwa habari za Florence Nightingale akizunguka na taa usiku kati ya vitanda vya askari waliojeruhiwa katika Vita vya Krimea. Kisichosimuliwa ni kwamba alirudi Uingereza mwaka 1856 afya yake ikiwa imevunjika, na kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyokuja kubadilisha hospitali aliifanya akiwa amejilaza kitandani au kwenye kochi, akipokea wageni kwa kuchagua na kuwarudisha wengine mlangoni. Sikatai wito. Ninachokataa ni wito kutumika kufunikia mambo ambayo ni ya ratiba, ya idadi ya watumishi na ya vifaa. Muuguzi akiachiwa peke yake wodi nzima ya wazazi usiku kucha, kuchoka kwake hakuna uhusiano na ukubwa au udogo wa wito wake.

Hata Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaeleza kuwa kuchakazwa na kazi hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa vizuri, na halihesabu kuchakazwa huko kuwa ugonjwa. Linatambua kuchakazwa huko kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na mtu kujiona hana tija. Hilo la pili ndilo ninalotaka mliogope zaidi. Nguvu zilizoisha mara nyingi hurudi ukipata usingizi, lakini moyo uliojitenga hurudi polepole, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua kwamba umeondoka. Mgonjwa anaanza kuitwa kwa namba ya kitanda. Mama anaita, na wewe unamalizia kwanza ujumbe kwenye simu. Siku moja unamfokea binti wa miaka 17 aliye katika uchungu, nje ndugu zake wanasema nesi yule ni mkatili, nao hawajui kwamba miaka mitano nyuma ulikuwa unalia kila mtoto anapozaliwa mfu.

Nimefanya kazi na wanawake na wanaume waliostaafu wakiwa bado na ucheshi wao, na naweza kuwahakikishia kwamba hawakuwa na mioyo ya mawe. Walichofanana ni kwamba hawakulibeba jambo zito hadi nyumbani kabla ya kulitua mbele ya wenzao.

Nilipokuwa mgeni kazini tulipoteza mama mmoja alfajiri, akitokwa damu baada ya kujifungua. Muuguzi mfawidhi wetu, yaani msimamizi wa wodi, hakutuacha tutawanyike. Alimpanga mmoja abaki na kichanga, akaenda mwenyewe kwa ndugu waliokuwa wamelala kwenye mikeka nje, na aliporudi akafunga mlango wa chumba cha wauguzi, akatumiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, kisha akamuuliza kila mmoja wetu swali lilelile: mikono yako ilifanya nini? Aliyekimbilia damu maabara alieleza saa aliyotoka na saa aliyorudi. Aliyetafuta mshipa wa dripu alieleza. Mimi nilisema nilikuwa nikikanda mfuko wa uzazi mpaka vidole vikafa ganzi, naye akasema, "Ulikanda, nilikuona." Mwenzetu mmoja alilia na hakuna aliyemwambia anyamaze. Haikuchukua muda mrefu, zamu ya asubuhi ilikuwa inaingia, tukakabidhi na kwenda kulala.

Msikichanganye kikao kile na mapitio ya vifo vya uzazi, ambayo ni ya lazima na yana kazi yake ya kutafuta chanzo ili kifo kingine kizuiwe. Mapitio huja baadaye, na mafaili mezani, na mbele ya watu walio juu yako. Mtumishi anayeingia mle hajazungumza na mtu yeyote tangu siku ya msiba husikia kila swali kama shitaka, na hujibu kama mshitakiwa, na ukweli uliokuwa ukitafutwa hupotea. Aliyekwisha kuketi na wenzake usiku uleule huingia akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Kikao cha chai hakihitaji bajeti wala waraka kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya. Kama mfawidhi wenu hakianzishi, kianzisheni ninyi.

Najua wapo watakaosema kwamba kukaa na kuongelea yaliyo moyoni ni mambo ya Ulaya. Basi na watazame Zimbabwe, ambako mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na mabibi wa Mbare, mtaa wa Harare, akawafundisha kumsikiliza mtu kwenye benchi nje ya kliniki, kumsaidia kuyapanga matatizo yake, na kuchagua moja la kuanza nalo. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliopita kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na hata Zanzibar. Kwa mabibi kama mimi ni habari ya kujivunia, lakini kwenu ni ushahidi kwamba kumsikiliza mwenzako kwa mpangilio ni tiba, na haihitaji shahada.

Furaha nayo ina chakula chake, na katika kazi yetu chakula hicho ni kuijua kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane za hapa Tanzania ulionyesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ile ya kwanza, vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47. Waliofanya hivyo ni wakunga kama ninyi, kwa kumkausha mtoto, kumsisimua, na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Mkunga anayejua kwamba mikono yake inaweza kufanya hivyo haoni kwamba hana tija, hata mshahara ukichelewa. Ila ustadi huo hutoka upesi usipofanyiwa mazoezi, na katika vituo vingi nilivyopita mdoli wa mazoezi yumo kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo. Utafuteni ufunguo. Dakika chache kabla ya kupokea zamu zinatosha, tena mtacheka mkisahihishana, na kicheko hicho kina faida yake.

Nizungumzie pesa, maana sehemu kubwa ya huzuni niliyoiona katika chumba cha kubadilishia sare haikutoka kwa wagonjwa, ilitoka kwenye slipu ya mshahara. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anakatwa asilimia 15 kabla hajanunua hata sabuni. Utumishi unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, lakini wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, hawaijui theluthi hiyo. Wanashika kadi yako ya benki na namba yako ya siri, na mwisho wa mwezi wanakuachia nauli. Ndipo mtu anatafuta zamu za hospitali binafsi usiku, anaingia kwetu asubuhi macho mekundu, na anakosea dozi. Msimwite mvivu mtu huyo, lakini ninyi msifike huko. Mwaka wa kwanza ishini kwa mshahara wenu, hata kama binamu ana harusi.

Na pumzikeni kwa haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Najua upungufu wa watumishi huzipinda namba hizi, na nyakati nyingine hakuna wa kulaumiwa. Hata hivyo likizo isiyoombwa haipatikani, kwa hiyo jazeni fomu mapema. Zamu ikishakabidhiwa kitanda kwa kitanda imekabidhiwa. Mwenye swali ana daftari la ripoti, na kundi la WhatsApp la wodi linaweza kunyamazishwa mpaka zamu yako ijayo bila dhambi yoyote.

Yapo mambo ambayo chai na mwenzako havitayamaliza. Ukikosa usingizi hata siku za mapumziko, ukianza kunywa ili uweze kwenda kazini, ukijikuta unalitazama kabati la dawa kali kwa ajili yako mwenyewe, au ukifikiri kwamba ni heri usingekuwapo, nenda kliniki ya afya ya akili leo, na kama unaona haya kutibiwa unapofanya kazi, panda gari uende hospitali nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaowaambia wagonjwa hivyo kila siku ndio tunaongoza kwa kuficha.

Kwenu wafawidhi mtakaoisoma barua hii juu ya mabega ya vijana wenu, nina ombi moja: msimpange mgeni peke yake usiku katika mwezi wake wa kwanza, hata kama ratiba inabana. Na kama ya mwezi ujao imeshabandikwa ukutani, ibandueni.

Mama yenu,
Muuguzi mkunga mstaafu, Songea