Dumu la lita 20 halitoi kilo 20

Malalamiko ni yaleyale kila wiki: "Nimewapa dumu zima la lita 20, mmenilipa kilo 18. Mnatupunja!" Ndugu wateja mnaotuuzia mafuta ya kupikia yaliyotumika, hatumpunji mtu. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Dumu lililojaa mafuta matupu ni kilo 18.4, na uzito wa dumu lenyewe tunautoa mizani ikiwa mbele yako. Kinachofika kilo moja kwa lita ni maji. Dumu likisoma 19 ndipo tunaposhtuka.

Ndiyo maana tunazamisha mrija wa mpira hadi chini kabisa na kujaza chupa inayoonyesha ndani. Ikitulia, maji hukaa chini, juu yake tope la unga wa kukaangia kuku, halafu mafuta. Tunalipia hayo ya juu.

Hasara kubwa huja na baridi ya Juni na Julai. Mawese ya Kyela yakilala nje usiku mmoja hapa Mbeya huganda, na mtu mwenye haraka huyamwagia maji ya moto ili yatoke. Yanatoka kweli, lakini maji yamejichanganya humo na hayajitengi upesi. Yakikaa hivyo siku kadhaa, asidi inapanda na daraja la mafuta linashuka. Lilaze dumu karibu na jiko au lianike juani mchana. Alizeti haina usumbufu huo.

"Kwani si taka tu?" Taka hiyo inaishia kwenye injini ya ndege. Viwanda vya nje huyapasha mafuta haya moto pamoja na haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa ili kuondoa oksijeni, kisha huyabadili umbo yasigande angani. Mafuta ya ndege ya Jet A-1 yanatakiwa yavumilie hadi nyuzi 47 chini ya sifuri. Chumvi ya chipsi hula mitambo, na madini ya oili chafu ya magari huua kichocheo kinachoharakisha kazi hiyo.

Fomu tunayowasainisha nayo ina sababu. Umoja wa Ulaya umewataka wauza mafuta ya ndege wachanganye 2% ya mafuta endelevu, kama haya yatokanayo na mafuta yenu, tangu 2025, na 6% ifikapo 2030. Ndege bado inatoa kaboni ileile. Nafuu ni kwamba kaboni hiyo mmea uliivuta hewani juzijuzi, na hesabu nzima ya kaboni inaweza kupungua kwa hadi 80%. Anayeleta mafuta mapya akidai yametumika anaua hesabu yote. Kwa hiyo tunaandika kibanda, kilo na tarehe.

Bei yetu ni ya mafuta makavu, yasiyo na maji. Yupo anayenunua kwa macho, bila mizani, na kutaja bei ya juu. Muulize anayapeleka wapi. Yakichujwa yakarudi sokoni kwenye vidumu, utayala wewe.

Subiri karai lipoe, chuja kwa kitambaa, funika. Na dumu lililowahi kubeba oili, hata ulioshe kwa sabuni mara tatu, hatulipokei.