Ngazi za Konpira-san

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mama yako na kwa bibi. Sisi wazima. Meli imefunga Sakaide, kisiwa cha Shikoku, Japani, na jana tulipewa ruhusa ya kutwa nzima. Nikapanda treni mpaka Kotohira, kwa Konpira-san, hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, wanalolitegemea mabaharia wa huku tangu enzi za matanga.

Uliniagiza nikuhesabie chochote kikubwa nitakachokiona. Basi nimehesabu ngazi za mawe. Kila mtu atakwambia ni 785 hadi jengo kuu. Ukweli unapanda 786, ila kuna pahali unashuka kidato kimoja. Wanasema 7, 8, 6 zikisomwa kwa Kijapani hutoa "nayamu", kuhangaika, ndiyo wakaweka hicho cha kushuka kupunguza nuksi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. 786 ile ile inayoandikwa madukani kwetu kwa ajili ya Bismillahi, huku inakimbiwa!

Mlima unaitwa Zozu, kichwa cha tembo, na jina Konpira limetoka India: kumbhira, mamba wa Mto Ganges. Tembo na mamba wamenitangulia Japani.

Lakini mbwa ndiye aliyeniweka. Enzi za Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, mtu asiyeweza kusafiri alimtuma mbwa wake. Anavikwa shingoni kifuko chenye jina la mwenyewe, sadaka na pesa za chakula, kisha wasafiri wanapokezana kumlisha na kumwongoza mpaka hekaluni. Ana sanamu yake njiani. (Hapo usimsomee bibi. Mbwa kwenda ziara, tutagombana.) Magoti yalikuwa yananiuma, nikakaa pale kitambo, nawaza nani alimpa maji, na wangapi walijaribiwa na zile pesa wasizichukue.

Juu kuna ukumbi wa mbao za nadhiri: picha za meli, za kila namna. Yumo pia Akiyama Toyohiro, Mjapani wa kwanza kufika anga za juu, 1990. Na huyo wamemtia kundi la mabaharia. Sawa, chombo ni chombo.

Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena. Mimi nilikuwa mgeni tu, nikavua kofia nikasimama kando.

Kile kifuko cha karafuu ulichonishonea nilikuwa nacho mfukoni. Pale kwenye sanamu nilikitoa, nikakinusa. Uzi umeanza kufumuka upande mmoja. Nikirudi utanishonea tena.

Baba yako