YAH: Kukatwa kwa Jina la Kanga katika Kazi ya Sanaa Niliyoinunua Kwenu

Kwa Mkurugenzi wa Nyumba ya Sanaa,
London.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza niliyoiambatanisha, kwa sababu kosa ninalolilalamikia limetendwa juu ya maneno ya Kiswahili.

Mwezi uliopita nilinunua katika ukumbi wenu kazi ya vifaa mchanganyiko ya msanii Mwingereza mnayemwakilisha. Ni kanvasi iliyopakwa akriliki na mkaa, na kwa upande wa chini msanii ameshona kwa mkono ukanda wa kanga unaopita kutoka kushoto hadi kulia. Ukanda huo haukuishia kwenye ukingo wa kanvasi, bali upande wa kushoto ulining'inia nje kwa sentimita 9, na juu yake palisomeka: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Bibi yangu mzaa mama, kule Tanga, alikuwa na doti yenye jina hilo hilo. Nilisimama mbele ya kazi ile kwa muda mrefu, nikafurahi kwamba msanii asiye mtu wa pwani ameielewa kanga kuwa ni nguo inayosema, kisha nikakubali kuilipia kwa awamu 10.

Kazi hiyo ilinifikia hapa Leicester siku 9 zilizopita, ikiwa ndani ya fremu ya kioo ambayo sikuiagiza. Sehemu iliyokuwa ikining'inia imekatwa kwa mkasi, na ukanda uliobaki umegandishwa kwenye kanvasi kwa gundi. Herufi zilizoondoka na kipande hicho ni U, S na I. Sasa kazi inasomeka: SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Katika Kiswahili, herufi hizo tatu ndizo zilizobeba katazo lote. Onyo la kutotegemea bahati ya mwingine limegeuzwa kuwa agizo la kuitegemea. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mnunuzi wa kwetu husoma jina kabla hajauliza bei, kwa kuwa nguo hiyo inaweza kumfikishia jirani, mke mwenza au mkwe neno ambalo mdomo umeshindwa kulitamka. Kanga iliyokatwa jina haivaliwi mbele za watu, wala haipelekwi zawadi.

Mfanyakazi wenu alinijibu kwa baruapepe kwamba kitambaa kilichozidi kingezuia fremu kufungwa, na kwamba mabadiliko hayo hayakuigusa picha yenyewe. Jibu hilo silikubali. Picha za kazi hii mlizonipa kabla ya mauzo zinauonyesha ukanda ukiwa mzima, na hati ya uhalisi iliyosainiwa na msanii inautaja kuwa sehemu ya kazi. Wala haiwezi kusemwa kwamba kanga ni jambo geni katika sanaa ya Uingereza: Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, ametengeneza michoro inayofuata mpangilio wa kanga na maneno yake, na British Museum inahifadhi kanga katika hazina yake.

Gundi nayo imeniumiza. Mshono hufumuliwa na kitambaa kikabaki salama, ndiyo maana watunzaji wa nguo katika makumbusho hushona. Gundi hupenya ndani ya nyuzi za pamba, na kuiondoa ni kazi ya hatari. Msanii alichagua uzi na sindano. Hakuna aliyewapa ruhusa ya kumbadilishia.

Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na inanipa siku 30 za kuikataa isipolingana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1988 inampa msanii haki yake mwenyewe ya kupinga kazi yake kuharibiwa.

Naomba, kabla ya jambo lingine lolote, mmjulishe msanii kwa maandishi mlichokifanya, na mnitumie nakala ya barua hiyo. Naomba pia mkitafute kipande kilichokatwa, hata kama kiko katika mabaki ya chumba cha fremu, na mkikabidhi kwake. Akiwa tayari kukishona tena kwa mkono wake, nami nitaipokea kazi ikiwa na kovu lake, kwa gharama yenu. Asipokuwa tayari, naikataa, na ninadai nirudishiwe fedha zote nilizokwisha kulipa pamoja na gharama za usafirishaji.

Ikirudi kwenu, msiiuze kwa mtu mwingine mkiieleza kuwa ni nzima. Jibu lenu nalihitaji kwa maandishi ndani ya siku 7, kwa sababu zile siku 30 zinahesabika.

Wako katika kusubiri,
Mnunuzi